Shangazi wa Gari la Kijivu

Kila asubuhi ya siku za shule, gari la kijivu lilisimama mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma na kupiga honi. Binti wa mwenye gari alishuka upesi, akafungua milango, akawapanga wenzake kama sahani kabatini: wanene dirishani, wembamba katikati, wadogo wakapakatwa. Aliyechelewa aliingia nyuma kabisa, ndani ya buti, akakaa juu ya benchi dogo la mbao lisilo na mkanda wala mahali pa kushika. Kwa kazi hiyo wenzake walimpachika jina la Kondakta, naye alilivaa kama nishani.

Gari lile liliachwa na marehemu baba yake. Wakala wa bima alipokuja na kuuliza gari ni la matumizi gani, Mama alijibu bila kusita, "Mimi na mwanangu tu, shuleni na sokoni." Siku ile jibu lilikuwa la kweli. Lakini ghala alilokuwa akifanyia kazi lilifungwa, na maisha yakambana pande zote, ndipo akaanza kuwabeba watoto wa majirani kwa malipo ya kila mwezi. Maisha yalibadilika, jibu likabaki lilelile.

Kwa kuwa gari la binafsi halikuruhusiwa kubeba abiria wa kulipa, Mama alibuni hila. Watoto wote walitakiwa kumwita Shangazi. Kuwafundisha ilikuwa kazi ya Kondakta.

"Mkisimamishwa, huyu ni nani?"

"Shangaziii!"

"Mnaishi wapi?"

"Kwakeee!"

"Wewe Kinanda, usicheke. Ukicheka utatulaza kituoni."

Kinanda alikuwa binti wa fundi wa kuchomelea, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuacha kuimba puani tangu alfajiri hadi jioni, hata katikati ya somo la hesabu. "Sasa nifanyeje?" alisema. "Shangazi yangu wa kweli ana ndevu."

"Basi huyu amenyoa," akajibu Kondakta, na gari zima likaangua kicheko.

Hata askari wa trafiki pale njia panda walikwisha kuwazoea. Siku moja mmoja wao aliinama dirishani, akawatazama watoto mmoja mmoja.

"Shangazi, una kaka wangapi?"

"Wengi, afande. Mama yetu alijaliwa."

"Naona. Tena wote walizaa mwaka mmoja, maana watoto wamelingana kama mayai ya trei." Akacheka, akawapungia mkono wapite. Mama naye alicheka, akatia gia upesi kabla afande hajauliza la pili.

Asubuhi ya ajali mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ilimeremeta kama iliyopakwa mafuta. Kinanda alikuja mbio, wa mwisho, viatu mkononi.

"Kondakta, nipishe mbele leo. Lile benchi linaniumiza mgongo."

"Sheria ni sheria. Wa mwisho kuja, buti."

Kinanda alimtolea ulimi, akapanda nyuma. Walipofika kwenye mteremko, mwendesha baiskeli alikatiza barabara ghafla. Mama alikanyaga breki. Matairi, ambayo yalikuwa yamekwisha na kubaki vipara, hayakushika lami. Gari likateleza, likazunguka, likaigonga nguzo ya umeme kwa upande wa nyuma. Watoto walipiga mayowe. Kinanda hakulia hata kidogo, na kimya chake ndicho kilichomtisha Kondakta kuliko mayowe yote.

Hospitalini madaktari walifanya waliloweza, kisha wakafanya walilolazimika kufanya. Kinanda alipozinduka, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa chini ya goti. Watoto wengine walikuwa na michubuko tu.

Jirani mmoja, dereva wa teksi aliyejiona mjuzi wa mambo yote ya barabarani, alimvuta Mama na fundi pembeni ya mlango wa wodi. "Nawaambieni kama ndugu," alinong'ona. "Mkisema alikuwa amebeba abiria wa kulipa, kampuni haitoi hata nati moja, si kwa gari wala kwa mtoto. Shikilieni ushangazi wenu. Wewe fundi, huyu ni dada yako. Mtoto anakaa kwake. Mmenielewa?"

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye alama za cheche mikononi. Alimtazama mwanawe kupitia kioo cha mlango, akaitikia kwa kichwa. Mtu anayezama hushika hata unyasi.

Siku chache baadaye alikuja afisa wa bima, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani, mwenye sauti ya upole isiyo na haraka. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Pole sana, mwanangu. Nitakuuliza kidogo tu. Huyu mama ni nani kwako?"

Kinanda alimtazama Kondakta, kama mwanafunzi amtazamaye mwalimu wake. "Ni shangazi," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Unaishi wapi?"

"Kwake."

"Ni kweli, baba?"

"Ni dada yangu," fundi akajibu akiwa ameinamisha kichwa. "Mtoto anakaa kwake."

Afisa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Basi nina habari mbaya. Katika bima kuna kampuni, kuna mwenye gari, halafu kuna mtu wa tatu, yaani mtu mwingine anayeumizwa na gari hilo. Huyo sheria inamkinga. Lakini mkataba huu haumhesabu jamaa anayeishi nyumba moja na mwenye gari. Gari tunaweza kulitengeneza. Mtoto huyu hatuwezi kumlipa fidia, maana mmeniambia ni wa nyumbani."

Fundi alisimama kama aliyechomwa na chuma cha moto. "Si dada yangu hata kidogo! Huyu mama nilikuwa nikimlipa kila mwezi ampeleke mtoto shule!"

"Baba," afisa akasema kwa huzuni, "sasa hivi alikuwa dada yako. Uliposikia habari ya fidia, udada umekwisha. Nishike neno lipi?" Akamgeukia Mama. "Wewe ndiwe mwenye gari. Unasemaje?"

Mama alitazama sakafu. Kondakta aliyaona mawazo ya mama yake waziwazi, kana kwamba yameandikwa usoni: gari, mahakama, leseni, chakula cha kesho. Kisha Mama akasema polepole, "Kaka, uchungu umekuchanganya. Kaa upumzike."

Fundi alimkazia Mama macho. Kinanda aliugeuza uso wake ukutani.

Afisa alifunga mkoba wake, akaanza kwenda. Kondakta alimsindikiza kwa macho. Alimpenda mama yake. Alijua jinsi alivyokuwa akijinyima ili yeye ashibe. Lakini pale kitandani, shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo mguu ulipaswa kuwa, na aliyemweka Kinanda kwenye lile benchi hakuwa mwingine ila yeye.

"Mama afisa, ngoja!" aliita. Afisa akageuka mlangoni. "Si shangazi yake. Hakai kwetu, hajawahi hata kulala kwetu. Sisi sote tulimwita hivyo ili trafiki wasitukamate. Mimi ndiye niliyewafundisha. Walikuwa wanalipa, wote, kila mwezi."

Mama aliinuka, akampita binti yake bila kumtazama, akatoka nje.

"Umefanya jambo zito," afisa akamwambia Kondakta, akimshika bega. "Lakini neno lako ni mwanzo tu. Nahitaji kauli ya mwenye gari. Nitamsubiri ofisini kwangu."

Jioni ile nyumba yao ilikuwa na baridi ya watu wasiosemezana. Mama aliosha vyombo vilevile mara ya pili. Mwishowe akasema, bila kugeuka, "Nilikubeba tumboni. Ukanivua nguo mbele za watu."

"Nisamehe, Mama."

"Unajua nitashtakiwa? Unajua gari halitalipwa? Tutakula nini, ukweli wako?"

Kondakta alifuta machozi kwa mkono wa sare yake. "Mama, Kinanda aliniomba kukaa mbele. Nikamkatalia. Akiniuliza kwa nini hana mguu, nitajua la kumjibu. Akiniuliza kwa nini hana hata wa bandia, nitamjibu nini?"

Mama aliacha kuosha. Sahani ilimponyoka, ikazama ndani ya maji.

Asubuhi Mama alivaa gauni lake la kazini la zamani, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya bima. Alieleza kila kitu: malipo, benchi la buti, matairi vipara, na ushangazi wa uongo. Hakumtupia lawama dereva wa teksi wala mtu mwingine yeyote.

Ukweli haukuja na zawadi. Kampuni ilikataa kulipia gari, na mabaki yake yakauzwa kama vyuma chakavu. Mahakama ilimtoza Mama faini na kumnyang'anya leseni kwa muda. Alipata kibarua cha kufua mashuka katika hospitali ileile, na vidole vyake vikapasuka kwa sabuni. Shuleni Kondakta alipita katikati ya minong'ono. "Mchongea mamake huyo!" wengine walimzomea. "Usimwambie siri, atakupeleka mahakamani!" Alijifunza kutembea akitazama mbele.

Lakini faili la Kinanda lilifunguliwa upya. Kwa kuwa sasa alijulikana kuwa abiria na si jamaa wa nyumbani, sheria ya nchi yao ilimtambua kuwa mtu wa tatu. Kampuni ilibeba gharama za matibabu na mguu wa bandia, kisha ikamgeukia Mama kumdai, kwa kuwa alilitumia gari kinyume cha mkataba. Walikubaliana alipe kidogokidogo. Deni lile lingemsindikiza miaka mingi.

Siku Kondakta alipomwendea Kinanda hospitalini, alimkuta na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akijifunza kusimama kati ya vyuma viwili vya kushikilia, jasho likimtiririka.

"Nilikuweka nyuma mimi," Kondakta alisema.

"Najua." Kinanda alivuta pumzi. "Nilikuchukia. Bado nakuchukia siku nyingine. Leo nimechoka tu. Nishike mkono, mtaalamu huyu ananikimbiza kama punda."

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi, akamwalika afisa wa bima. Ukumbi ulijaa, maana waliokuwa wakibeba watoto kwa magari ya binafsi walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa.

"Shemeji yangu huazima gari langu," mzee mmoja akauliza. "Akigonga, bima inalipa?"

"Soma mkataba uone ni nani wanaoruhusiwa kuliendesha. Na kama hana leseni, usimpe ufunguo hata akikupigia magoti."

"Mimi nimenunua gari kwa mtu," akasema mwalimu mmoja, "na bima yake haijaisha. Si ninaendelea nayo?"

"Gari umelinunua wewe, lakini ahadi ilifanywa na yeye. Njoo tuihamishe kabla hujaingia barabarani."

Dereva wa teksi alinyoosha mkono nusu. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Je, mtu akitaka kubeba wanafunzi kwa halali?"

"Aje aseme hivyo. Aombe kibali, na sisi tubadilishe bima yake. Atalipa zaidi, sitawadanganya. Tena gari lake litakaguliwa, kila mtoto awe na kiti na mkanda. Hapo hatahitaji kumfundisha mtoto yeyote uongo."

Ndipo Mama, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa ya ukumbi, akainua mkono. Alikuwa hajapata mahali pa kukaa, au labda hakuna aliyejisumbua kumpa. Kondakta, aliyekuwa kando yake, alijisogeza karibu naye.

"Na aliyekwisha kudanganya?" Mama akauliza. "Yeye afanye nini?"

Afisa aliweka karatasi zake mezani.

"Arudi aseme ukweli, mama, na arudi mapema. Bima ni ahadi ya watu wengi ya kumbeba mmoja anapoanguka, na hatuwezi kumbeba mtu tusiyemjua. Ukitueleza uongo, tunamkinga mtu asiyekuwapo, na yule aliyepo anaanguka mbele yetu tukimtazama." Akawageukia wanafunzi waliokaa sakafuni mbele. "Nanyi wanangu, sikieni. Mkubwa akikufundisha uongo, hata awe anakupenda kuliko nafsi yake, mheshimu kwa kuukataa. Ukweli utakugharimu, nyinyi mmeona. Lakini gharama ya uongo hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na kitu cha kulipa ila mwili wake."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alibaki amesimama, mikono yake iliyopasuka ikiwa imeshikana mbele yake.

Katika safu ya tatu fundi wa kuchomelea, ambaye tangu siku ile ya wodini hakuwahi kumpa hata salamu, aligeuka akamtazama. Hakutabasamu. Aliinua kofia yake iliyokuwa juu ya benchi, akajisogeza, akaacha nafasi.