Mama Debra Arudi Darasani

Asubuhi katika nyumba ya akina Debra, mtaa wa Satellite jijini Nairobi, ilikuwa na vita vyake. Bafu lilikuwa moja na watu watatu walitaka kuwahi. Baba yake, Bwana Oduor, fundi wa umeme, alijifungia bafuni akaimba nyimbo za kanisani mpaka maji ya wenzake yakapoa. Debra alipiga pasi sare yake ya shule juu ya meza. Mama yake, Phoebe, alikoroga chai kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mkono wa pili, midomo ikimchezacheza. Mara nyingi chai ilifurika.

"Mama Debra, leo tena jiko limekunywa chai kabla yetu," baba alisema akitoka bafuni.

"Jiko nalo lina njaa, Baba Debra. Nina mtihani Jumamosi ijayo."

Tangu Januari, mama alikuwa mwanafunzi. Zamani, kabla Debra hajazaliwa, alikuwa amesoma chuo kikuu mwaka mmoja na kitu, kisha akaomba ruhusa ya kupumzika. Ruhusa ya mwaka mmoja ikazaa mwingine, na mwingine, mpaka watu wakasahau kwamba aliwahi kusoma huko. Miaka hiyo yote aliuza nguo za mitumba sokoni Kawangware. Sasa chuo kilikuwa kimemkubalia arudi amalizie masomo ya ualimu, na kila asubuhi alitoka na mkoba begani, akaenda mjini kusoma na vijana ambao angeweza kuwa shangazi yao.

Debra hakupenda. Tuseme ukweli tu: aliona aibu. Majirani waliochota maji bombani walimtania mama, "Leo mwalimu asikuchape, Mama Debra," naye mama akacheka pamoja nao. Debra hakucheka. Alikuwa darasa la saba, na alijua jinsi watoto wa darasa la saba wanavyoweza kumtafuna mtu bila chumvi.

Shuleni kwake, Kileleshwa, hakuna aliyejua habari hizi. Siku moja rafiki yake Shiko alimuuliza mama yake hufanya kazi gani.

"Yuko chuo kikuu," Debra alijibu. Hilo lilikuwa kweli.

Shiko alitoa macho. "Anafundisha huko?"

Hapo ndipo Debra alipopaswa kusema la. Badala yake alijifanya anatafuta kalamu. Kufikia saa ya chakula, Lornah, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alikuwa amelitangazia darasa zima kwamba mama yake Debra ni mhadhiri. Watoto wakaanza kumpa Debra heshima, naye akaizoea upesi, kama mtu anavyozoea kiti chenye mto.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya Debra ilikuwa fupi kweli. Jumatatu iliyofuata, kwaya ya shule ilialikwa kuimba katika tamasha la shule za msingi mjini, na tamasha lenyewe lilikuwa katika ukumbi wa chuo kikuu kilekile. Debra hakumwambia mama. Alisema tu kwamba wanakwenda kuimba mahali fulani.

Waliimba vizuri, wakapigiwa makofi. Baadaye mwalimu wao wa kwaya, Mwalimu Nzembi, aliwapanga nje ya ukumbi wasubiri basi la shule. Wakati huohuo mlango wa jengo la pili ulifunguka na wanafunzi wa chuo wakamiminika nje. Katikati yao alikuwa mama. Aliiona ile sare ya kijani, uso wake ukachangamka, akaja moja kwa moja huku akimtafuta binti yake kwenye foleni.

Debra alimwona kwanza. Alijificha nyuma ya Lornah, lakini Lornah alikuwa mwembamba, hakuweza kumficha hata paka.

"Debra, yule mama anakuangalia wewe," Shiko alinong'ona. "Mnajuana?"

Mama alikuwa amebakiza hatua chache tu. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia kila neno.

"Simjui," Debra alisema.

Mama alisimama palepale. Labda mambo yangeishia hapo, kama si kijana mmoja mrefu aliyetoka mbio darasani akipunga sweta hewani.

"Mama Debra! Mama Debra, umesahau sweta yako!"

Kila mtoto wa Nairobi anajua kwamba mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kabatini. Nyumbani, sokoni na kanisani ataitwa kwa jina la mtoto wake. Mama alikuwa amelibeba jina hilo mpaka chuoni. Vijana walipomuuliza siku ya kwanza anaitwa nani, alijibu Mama Debra, kwa sababu hilo ndilo jina aliloliitikia miaka yote. Sasa foleni nzima ya kwaya iligeuka. Walimtazama yule mama, kisha wakamtazama Debra, aliyefanana naye kama shilingi kwa ya pili.

"Asante, Sifuna," mama alimwambia yule kijana, akachukua sweta yake. Kisha akawageukia watoto. "Mmeimba vizuri, wanangu. Tumewasikia mpaka darasani."

Hakumtaja Debra wala hakumtazama tena. Akaenda zake.

"Kumbe wahadhiri huletewa sweta na wanafunzi wao," Lornah alisema, na wenzake wakaangua kicheko. Debra alisikia masikio yakiwaka moto. Lakini hakuumizwa na Lornah kama alivyoumizwa na mama yake mwenyewe, aliyeusikia uongo ule akakubali kuusaidia.

Jioni alingoja kugombezwa. Alikuwa tayari hata kwa kiboko. Mama alipika ugali na omena, akampakulia kama kawaida, akamuuliza kama koo linamuuma kwa ajili ya kuimba. "Pole kwa kazi," akamwambia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini Debra alikuwa anaambiwa, na pole hiyo ilimchoma kuliko fimbo. Alimeza matonge bila kuyatafuna.

Kesho yake mama hakushika kitabu na chai haikufurika. Alijifunga leso, akaloweka nguo. Keshokutwa yake ikawa vivyo hivyo.

"Wiki hii hamna masomo?" baba aliuliza.

"Nimechoka kidogo," mama alijibu.

Alhamisi jioni, Debra alikuwa anaanua nguo karibu na dirisha la jikoni aliposikia wazazi wake wakizungumza.

"Mtihani ni keshokutwa," baba alisema. "Wewe mwenyewe uliniambia asiyeufanya anarudia mwaka mzima."

"Sirudii. Naacha, narudi sokoni."

"Ni wale vijana? Wanakucheka?"

"Vijana wakicheka, nacheka nao. Lakini mtoto wangu ananionea aibu, Baba Debra. Niliuona uso wake. Mara ya kwanza niliacha kwa ajili yake. Unakumbuka alivyozaliwa kabla ya wakati, mdogo, mgonjwa kila wiki. Nikasema masomo yatangoja, mtoto hatangoja. Sijajuta hata siku moja. Nikiacha tena kwa ajili yake, si neno."

Debra alibaki amekumbatia shuka yenye unyevu. Hakuwahi kuambiwa hayo. Alidhani mama aliacha chuo kwa sababu masomo yalimshinda, na moyoni alikuwa amemdharau kwa hilo. Kumbe mama aliacha ili yeye apate kuishi. Aibu aliyoisikia sasa haikufanana na ile ya kwanza. Ile ilimfanya amkimbie mama. Hii ilimfanya ajichukie, na hakuwa na pa kukimbilia.

Ijumaa alifika shuleni mapema, akamwendea Mwalimu Nzembi, akamweleza kila kitu huku machozi yakimtoka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ulimkana mama yako mbele ya nani?" aliuliza.

"Mbele ya kwaya, mwalimu."

"Mimi peke yangu si kwaya. Saa ya chakula tuna mazoezi. Nitakupa nafasi kabla hatujaanza."

Saa ilipofika, Debra alisimama mbele ya wenzake. "Yule mama wa sweta ni mama yangu," alisema. "Hafundishi chuo kikuu. Anasoma, yuko mwaka wa pili. Nilisema simjui kwa sababu niliona aibu. Niliwadanganya, na ninaomba msamaha."

Lornah akauliza, "Sasa ripoti yake nani huweka sahihi, ni wewe?"

Kwaya nzima ilicheka, wengine mpaka wakashika mbavu. Debra alisimama akavumilia. Kicheko kiliuma, kisha kikaisha, na alishangaa kuona kimeisha upesi namna ile. Shiko ndiye hakucheka.

"Mimi sijali kama mamako anasoma au anafundisha," Shiko alimwambia baadaye. "Lakini mimi ni rafiki yako, na ulinidanganya."

Debra alijua urafiki huo ungechukua muda kupona.

Alipofika nyumbani alimkuta mama bombani, mikono yote kwenye povu, na majirani wanajaza mitungi.

"Mama, nisamehe," Debra alisema.

Mama aliwatazama majirani. "Twende ndani tuongee."

"Hapana, mama. Nilikukana mbele ya watu. Nimewaambia kwaya yote kwamba unasoma. Wamecheka, na wamemaliza. Kesho nenda ukafanye mtihani. Ukiacha, nitakuwa nimekuachisha masomo mara mbili."

Mama aliacha kufua. "Nani amekwambia habari ya mara ya kwanza?"

"Niliwasikia dirishani."

"Una masikio marefu wewe," mama alisema, lakini macho yake yalikuwa yamelowa. Alimvuta binti yake, akamkumbatia na povu lake lote. "Nimekusamehe tangu siku ile. Lakini kesho nitaandika nini? Wiki nzima sijafungua kitabu."

Jirani mmoja, Mama Wanjira, alifunga bomba. "Mama Debra, hebu toka kwenye hizo nguo," alisema. "Nitazifua mimi. Wewe nenda ukasome, jua bado lipo."

Jumamosi asubuhi, baba na Debra walimsindikiza mama mpaka chuoni. Sifuna, yule kijana wa sweta, alikuwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

"Mama Debra, tulidhani umetutoroka," alisema. Akamtazama yule msichana. "Na huyu ni nani?"

"Ni mimi Debra," Debra alijibu kabla mama hajafungua kinywa. "Huyu ni mama yangu."

Mama aliingia kwenye mtihani. Baba na Debra walikaa kwenye nyasi kumngoja, na baba, ambaye tangu Alhamisi hakuwa amemgombeza, sasa akazungumza.

"Kuona haya si kubaya, Debra. Mtu asiye na haya ni hatari. Kosa lako ni kwamba ulimwonea haya mama anayetafuta elimu, lakini uongo wako hukuuonea haya hata kidogo. Kusoma ukiwa mtu mzima si aibu. Kuacha na kurudi si aibu pia. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aibu ni kumkana aliyekulea ili watu wakusifu."

"Nimesikia, baba."

"Kusikia ni rahisi. Kushika ndiyo kazi."

Mtihani ulipokwisha, mama alitoka pamoja na wale vijana, wote wakibishana kwa pamoja. Alionekana amechoka.

"Swali la tatu limenitoa jasho," alisema. "Sijui kama nitapita."

Debra alimshika mkono palepale, katikati ya wanafunzi wote. "Lilikuwa linauliza nini?"

Mama alianza kumweleza. Alieleza walipotoka langoni, akaeleza walipovuka barabara, na mpaka wanafika kituo cha basi Debra alikuwa bado amemshika mkono, anamsikiliza, wala hakuwa ameangalia ni nani anayewaona.