Kengele ya Norgye

"Mama ametoka nyumbani. Mrudishe kabla ya saa saba."

Simu ikakatika.

Yangzom aliitia Thuraya, simu yake ya setilaiti, ndani ya koti la sufi, akaanza kupanda. Huku Dolpo, milimani Nepal, walimjua kama muuguzi wa shirika la misaada lililoleta dawa za nimonia vijijini. Kathmandu, katika ofisi isiyo na kibao mlangoni, alijulikana kwa namba tu.

Mama ni Dolma, mungu mke wa Wabudha, sanamu ya shaba iliyopakwa dhahabu, kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Kila mtoto wa kijiji alipelekwa mbele yake kabla hajapewa jina. Alfajiri hiyo hekalu lilikutwa tupu.

Bibi Lhakdron, mtunza ufunguo, hakulia. Alimshika Yangzom mkono kabla hajaondoka kijijini.

"Masanduku yenu yaliingia na dawa, mwanangu. Yametoka na Mama yetu."

"Nitamrudisha, bibi."

"Usiporudi naye, msirudi na sindano zenu. Wajukuu wangu watakohoa, nami nitakaa niwasikilize."

Saa tano na nusu alifika kileleni mwa kipito cha mlima. Ukungu. Mbele yake njia iligawanyika mara tatu. Misafara mitatu ya yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, ilikuwa ikishuka, yote na masanduku ya shirika, yote na mihuri ileile. Bondeni helikopta ya wanunuzi ilikuwa ikingoja kuruka saa saba.

Njia tatu. Mtu mmoja.

Hakutaka kutazama kushoto. Pale gengeni, mwaka jana, kaka yake Norgye alianguka akiwafuatilia wezi hawahawa wa sanamu. Makao makuu yalimsikia redioni akimwita dada yake mara nne. Yangzom hakusikia. Alikuwa amezima redio, anatunza betri.

Kengele ikalia.

Ndogo, ya shaba, yenye ufa.

Kengele ile aliifunga yeye mwenyewe shingoni mwa yaki mweusi, siku ya arobaini na tisa ya msiba. Akamtia utepe mwekundu sikioni, akamwachia huru kwa jina la Norgye. Yaki wa namna hiyo hachinjwi wala hapakiwi mzigo mpaka afe mwenyewe. Hata mwizi wa Dolpo humpisha njia.

Ikalia tena. Kwa hatua fupi, nzito.

Hatua za mnyama aliyebebeshwa. Ni mgeni tu angethubutu, na ni mgeni tu angemwiba Mama.

"Nimesikia," alinong'ona. "Safari hii nimesikia."

Alishuka mbio njia ya kushoto.

Ukungu ulipofunguka alimwona Dinesh, mkuu wa usafirishaji wa shirika, mtu wa tambarare. Mwaka mzima walikunywa chai ya siagi jiko moja. Alikuwa na wapagazi wawili na yaki watano. Wa mwisho alikuwa mweusi.

"Dada muuguzi. Umenifuata mpaka huku? Watu watasema."

"Waache waseme. Huyu mweusi umempata wapi?"

"Alikuwa anazurura. Yaki wetu mmoja anachechemea, nikamchukua yeye."

"Utepe hukuuona?"

"Urembo tu. Nyie nanyi, mnapamba ng'ombe kama bibi harusi."

"Ana mwenyewe."

"Yuko wapi nimwombe radhi?"

"Hapa hapa."

Macho ya Dinesh yakaenda gengeni. Moja kwa moja, kwenye jiwe alipoangukia Norgye. Hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Mkono wake ukaingia kotini.

Glock ya Yangzom ilitangulia. Risasi moja. Bastola ya Dinesh iliruka, ikagonga mwamba, ikazama ukunguni. Wote walisubiri isikike ikifika chini.

Haikusikika.

"Sisi wapagazi tu, dada," mmoja alisema, mikono juu.

"Basi mfungeni kiunoni. Kaza hiyo kamba."

Dinesh alikuwa ameshika kiganja chake kinachovuja damu.

"Alikuwa anaita dada," alisema taratibu. "Sikujua ni wewe."

Kidole cha Yangzom kilibaki kwenye kifyatulio muda mrefu kuliko kanuni zinavyoruhusu.

Yaki alitikisa kichwa. Kengele ikalia.

Alishusha bastola.

Alimtua mnyama sanduku, akavunja muhuri. Chini ya pamba, uso wa dhahabu ulimtazama.

"Makao. Mama yuko nami," alisema simuni.

"Helikopta tumeishika. Majeruhi?"

"Dinesh, mkononi. Na mwingine ana kidonda mgongoni."

"Nani?"

"Yaki."

"Zima simu, tunza betri. Una mwendo mrefu."

Alimpaka yaki dawa ya shirika pale kamba ilipomchubua, kisha akamfunga Dinesh mkono. Wanaume watatu waliinua sanduku, Dinesh mbele. Yaki alipanda peke yake bila haraka, ukungu ukamfunika.

Kengele ililia mara nne. Ikanyamaza.

Yangzom aliitia simu kotini, ikiwa bado inawaka. Akavaa miwani yake ya jua humo ukunguni, wasimwone macho, akashika njia ya kijijini.