Suruali Isiyofuliwa

Dobi alikuwa na desturi moja. Hakuna nguo iliyoingia kwenye beseni lake kabla hajakagua mifuko. Wateja husahau kila kitu humo: funguo, tembe za dawa, peremende zilizonyonywa nusu. Siku moja alikuta meno ya bandia ya mzee wa jirani.

"Ungeyapiga pasi kabisa," mumewe alisema, wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini nguo za nyumbani kwake zilikaa mwisho. Ndivyo ilivyo, kinyozi hajinyoi. Shuka za nyumba ya wageni zilitangulia, sare za wauguzi zikafuata. Za kwao zilingoja kwenye tenga nyuma ya mlango.

Jumatatu moja alikagua suruali ya binti yake. Binti huyo walimwita Maswali, na ukikaa naye kidogo tu utajua kwa nini. Jana yake wote watatu walikuwa wamekwenda matembezi kwenye bonde la visukuku, mahali ambapo mifupa ya dinosaria hutokeza ardhini. Dobi akatia mkono mfukoni. Akatoa kitu kizito, kinene kama kidole gumba, kimejaa udongo.

"Maswali! Hiki nini?"

Mtoto akaja mbio, akasimama mlangoni.

"Ni mfupa, mama. Wa dinosaria. Kiongozi wa matembezi alisema mifupa yao imegeuka mawe."

"Kiongozi alikupa?"

"Hapana. Niliukuta umelala peke yake. Nikauonea huruma."

Dobi alitaka kugomba, lakini kicheko kikamtangulia. Kuonea huruma mfupa! Akautazama tena. Mchafu huo, jamani! Mikono yake haikuwahi kushika kitu kichafu ikakiacha hivyo hivyo. Akautia kwenye maji ya sabuni, akachukua brashi ngumu ya kola za mashati, akasugua.

Udongo ukatoka. Rangi nyeusi nayo ikaanza kutoka. Kisha, kach! Kipande kikabanduka kwenye ncha, kikaacha kovu jeupe.

"Mama, unamuumiza!" Maswali akaangua kilio.

Dobi akaweka brashi chini. Nje mtu wa nyumba ya wageni alikuwa anapiga hodi, anataka shuka zake. Suruali ikarudi kwenye tenga bila kufuliwa.

Asubuhi yake Maswali alikunywa chai kimya. Nyumba nzima ikashangaa.

"Mama," akasema mwishowe, "nimemwota."

"Nani?"

"Mwenye mfupa. Alikuja uani kwetu, katikati ya shuka. Shingo yake ilipita juu ya kamba. Alikuwa ananusa shuka moja moja, polepole, anatafuta mfupa wake. Halafu akaniuliza, 'Kwetu ni wapi?'"

"Ukamjibuje?"

"Sikuwa na jibu, mama. Sikumbuki niliuokota wapi."

Siku hiyo dobi alianika shuka akiwa na mawazo. Upepo ulikuwa mwanana. Shuka zilijaa, zikalegea, zikajaa tena, kama kitu kikubwa kinapumua nyuma yake. Akaona kivuli kirefu kikipita juu ya kitambaa cheupe. Akaivuta shuka pembeni. Ukuta tu, na paka amelala. Lakini alisimama pale kitambo, maji yakimchuruzika viwikoni, na kwa kweli alimhurumia yule mnyama.

Mumewe, fundi baiskeli, alisema, "Tuurudishe makumbusho."

"Watatugombeza. Na mimi nimeuvunja."

"Wakigomba, tutasikiliza. Au unataka dude kama lile lije uani kila siku? Kamba zako zitapona?"

Basi Jumamosi wakaenda. Dobi na mtoto walipanda basi. Fundi alikuja na baiskeli yake, maana bila baiskeli haendi hata sokoni.

Makumbusho yalikuwa kwenye mdomo wa bonde. Ukumbini alisimama dinosaria mzima wa mifupa, kichwa chake kikikaribia dari. Kando kulikuwa na boksi kubwa la mchanga, na watoto wakifukua mifupa ya plasta. Nyuma ya kioo, mwanamke mwenye miwani minene alikuwa ameinamia jiwe. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha visukuku. Watoto walimwita Mama Mifupa, naye aliitika.

Walipoingia kwake, Maswali akamwekea mfupa mkononi. "Niliuchukua bondeni," akasema. "Nisamehe. Naogopa hatajua kwao."

Mama Mifupa akaugeuza chini ya taa. "Huu ni wa mkia. Mnyama mwenyewe alikuwa mtoto bado." Akaliona kovu. "Nani kauosha?"

"Mimi," dobi akasema. "Kwa sabuni ya unga. Na brashi ya kola."

Mama Mifupa akafumba macho kidogo. "Mama, sisi tunatumia brashi laini kama ya rangi, na sindano. Sehemu ndogo kama ukucha huchukua siku nzima. Lakini kovu si shida. Shida ni udongo. Udongo ule ndio uliokuwa unasema ametoka wapi."

"Udongo unasema?" Maswali akauliza.

"Sana! Ardhi ya hapa imelala tabaka juu ya tabaka, kama shuka zilizopangwa kabatini. Ya chini ndiyo ya zamani zaidi. Nikijua mfupa umetoka tabaka gani, najua mnyama aliishi zama zipi. Najua palikuwa na mto au ziwa. Naweza kuwapata wenzake. Nisipojua, nina jiwe zuri tu mezani."

"Kwa hiyo hana kwao tena?"

"Ukishindwa kukumbuka, mwanangu, hana."

Maswali akamgeukia mama yake. Dobi akamvuta ubavuni. Alijiona ndiye aliyeifuta njia ya yule mnyama kwa mikono yake mwenyewe.

"Siku nyingine," Mama Mifupa akaendelea kwa upole, "ukiona mfupa, uache ulipo. Usiuvute, usiuoshe. Weka sarafu pembeni, mzazi apige picha, ili tuone ukubwa wake. Angalia jirani kuna nini, mti au mwamba. Kisha mwite kiongozi. Sheria inakataza kuondoka nao, na sababu ndiyo hiyo. Hebu jaribu. Ulipita wapi?"

"Tulipita sehemu nyingi. Niliona kipepeo, nikamfuata. Mfupa ulikuwa umenasa kidogo udongoni. Nikapiga magoti, nikachimba kwa kidole."

Dobi akashtuka. "Ulipiga magoti?"

"Ndiyo."

"Kwa ile suruali?" Akamgeukia mumewe. "Baba Maswali! Suruali iko kwenye tenga! Sijaifua!"

"Wiki nzima?" mumewe akauliza.

"Utanitania baadaye. Nenda!"

Fundi akarukia baiskeli. Aliporudi jasho lilikuwa linamtiririka, suruali shingoni kama skafu. Dobi akaitandaza mezani. Sasa alikuwa kwenye kazi yake. Madoa hayamdanganyi.

"Hili jekundu ni vumbi la njiani. Ukilikung'uta linatoka. Lakini tazama goti hili. Udongo wa kijani, umeng'ang'ania kwenye uzi. Na ndani yake kuna chembe nyeupe."

Mama Mifupa akavua miwani, akaivaa tena. "Kijani chenye chembe nyeupe? Bondeni kipo mahali pamoja tu. Chukueni kofia na maji, twende!"

Wakamfuata kwenye njia iliyowekewa kamba. Jua lilikuwa limelegea, na bonde lote lilinyamaza, rangi juu ya rangi. Dobi alitembea ameinua suruali, akiilinganisha na kingo za bonde. Watalii walimtazama.

"Anatafuta pa kuanika," fundi akawaambia.

Wakafika kwenye korongo dogo. Ukanda wa kijani ulipita ukingoni. Dobi akaliweka goti la suruali juu ya udongo. Rangi zikapotelea ndani ya rangi.

"Hapa," akasema.

Maswali akachuchumaa. Palikuwa na kishimo kidogo, cha kidole cha mtoto. Pembeni yake ilichungulia ncha nyeusi ya mfupa mwingine. Mkono wake ukaenda wenyewe. Ukafika karibu. Kisha akaurudisha, akaufunga nyuma ya mgongo.

"Mama Mifupa, njoo," akanong'ona. "Sijamgusa."

Mama Mifupa akapiga magoti, akatazama. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Huyu hapa," akasema. "Kumbe yupo. Yuko kwao."

Kazi ya kumfukua ilichukua miezi mingi. Siku alipowekwa ukumbini, familia ilialikwa. Alikuwa mdogo, si mrefu kuliko kamba moja ya kuanikia, amelala ubavu kama alivyokutwa, mkia umejikunja. Katikati ya mkia ulikuwepo mfupa wenye kovu jeupe.

"Hapo," Maswali aliwaambia watoto wengine kwa sauti kubwa, "ndipo mama yangu alipopiga brashi ya kola."

Ukumbi ukacheka. Dobi alitaka ardhi ipasuke immeze. Lakini naye akacheka.

Njiani kurudi, Maswali alimlalia mama yake begani.

"Haji tena uani, mama."

"Najua," dobi akajibu. Hakusema kwamba kila alipoanika shuka alikuwa bado anachungulia nyuma yake. Alifurahi kwa ajili ya yule mnyama, na alimkosa kidogo.

Nyumbani akachukua suruali ya binti yake, akakagua mifuko kama kawaida. Haikuwa na kitu. Akatazama magoti, akatabasamu, akaitia kwenye tenga. Shuka za wageni zilikuwa zinangoja.