Kreti Lililopokelewa na Kija

Jumatatu ile, chai ikiwa bado inatoa mvuke mezani, Adventina aliona kwamba samaki waliokufa wameongezeka uzito.

Hakushtuka. Alijua ni mzani tu. Samaki akilazwa kwenye barafu hupungua, maji yanamtoka, na hakuna mtu wa kampuni ya samaki asiyejua hilo. Lakini kreti moja la sangara kwenye ghala la baridi la Buhongwa lilikuwa limezidi uzito wake wa Ijumaa, na hakuna aliyekuwa amelifungua.

Adventina Rwehumbiza, binti wa Kihaya aliyehamia Mwanza kwa ajili ya kazi, ndiye aliyetunza kumbukumbu za kompyuta za kampuni. Kulikuwa na seva tatu: moja pale ofisini Ilemela, moja ghalani Buhongwa, na moja kisiwani Nabwera, wavuvi waliposhusha samaki wao. Mtu akibadilisha kitu kwenye seva moja, mfumo ulilinasa badiliko lile papo hapo, ukaonyesha hali ya kabla, hali ya baada, na jina la aliyebadilisha, kisha ukalipeleka kwenye seva nyingine. Seva mbili kati ya tatu zikikubaliana, badiliko limepita. Ndivyo mambo yalivyokwenda miaka yote, bila maneno.

Akafungua orodha ya mabadiliko ya asubuhi ile, akasoma.

Aliyebadilisha: Venant. Kutoka: Nabwera.

Kituo cha Nabwera kilikuwa kimefungwa tangu kiangazi. Bosi wao, Shigela, aliwaambia wafanyakazi kwamba seva imeletwa stoo, na kwamba Venant, karani wa kule, ameacha kazi akaenda kutafuta maisha Geita.

Wakati akiwaza hayo, harufu ikaingia. Ilikuwa harufu ya matumbo ya sangara yaliyosahauliwa juani, yenye utamu fulani ndani yake uliofanya mate yajae mdomoni. Adventina akainua viatu kimoja kimoja akatazama soli. Zilikuwa safi. Akanusa kikombe chake, akakisogeza mbali, na chai ile hakuinywa tena.

Alimkuta Shigela anaongea na simu. Akasubiri amalize.

"Bosi, Venant amerudi kazini?"

Shigela aliweka simu mezani taratibu. "Nani kakwambia?"

"Mfumo. Ameandika leo asubuhi, kutokea Nabwera."

"Huo ni ubovu wa mitambo yako," Shigela alisema. Sauti ilikuwa kali lakini midomo ilikuwa imekauka. "Rekebisha. Na usimwambie mtu."

Akarekebisha. Alilifunga jina la Venant. Kesho yake akalikuta limefunguka. Aliiondoa seva ya Nabwera kwenye kundi. Ikarudi yenyewe na kuomba kukaribishwa kama mgeni anayejua nyumba. Aliikatia mawasiliano, akabadilisha nywila zote, akazima na kuwasha upya. Mabadiliko yaliendelea kuja, lile kreti moja likizidi kunenepa, na kila badiliko liliponaswa harufu ilitangulia, ikitoka kwenye matundu ya kupoza kompyuta, mpaka akaanza kufanya kazi na kitambaa puani, na jioni akiosha nywele alikuta ute kwenye mizizi yake.

Alhamisi alikwenda Buhongwa kuliona kreti lenyewe. Msimamizi wa ghala alikuwa Kija, rafiki yake wa siku nyingi, Msukuma mwenye mabega mapana aliyekuwa akibeba makreti mawili kwa mpigo huku anaimba. Aliyemfungulia geti siku ile alikuwa na shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Suruali aliifunga kwa kamba ya katani.

"Kija! Unaumwa?"

"Dada Adve, mimi sijui," Kija alijibu kwa kunong'ona, kana kwamba kuna anayesikiliza. "Nakula, nashiba, najiona naisha. Hospitali wamepima kila kitu, hawaoni. Na nikikohoa..."

Alikohoa kwenye kiganja, akakificha, lakini Adventina alikuwa ameshaona. Yalikuwa magamba. Magamba ya samaki, meupe, yaliyofungwa pamoja na kamasi ya kijani.

"Lile kreti nani alilipokea?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa amelisoma kwenye mfumo mara nyingi bila kulitilia maanani.

"Mimi. Lilikutwa ufukweni asubuhi moja, lina alama zetu. Nikasema ni letu, nikaliandikisha."

Akampandisha kwenye mzani wa makreti, Kija akataja uzito wake wa zamani. Kile alichopoteza Kija tangu alipolipokea na kile lilichoongeza kreti vilikuwa sawasawa.

Wakakiinua kifuniko kwa pamoja. Barafu ilikuwa imeyeyuka, na pale ndani ya chumba cha baridi kinachouma mifupa, kreti lilikuwa la moto. Sangara walikuwa wamelala kwenye uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyoganda, ngozi zao zikipanda na kushuka kama tumbo la mtu aliyelala, na juu ya uji ule zilielea nywele. Yule mkubwa wa juu alikuwa na mdomo wazi. Ndani ya mdomo hamkuwa na meno madogo ya sangara yanayokwaruza kama msasa. Kulikuwa na ufizi mwekundu wenye magego mapana, moja limetoboka, kama ya mtu mzima anayependa sukari. Mdomo ukafumba. Ukafumbuka. Ukalamba.

Adventina alitapika palepale, juu ya viatu vyake.

Mke wa Kija ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja anayeitwa Dorotea, kutoka upande wa Kisesa, karibu na Bujora. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alivaa sweta la shule la mtoto wa mtu na kubeba mfuko wa rambo wenye unga wa mtama na majani. Alisema kabla ya lolote anataka kumwona mwenye kampuni, kwa hiyo Ijumaa asubuhi wakakutana wote ofisini Ilemela. Adventina, aliyelelewa kwa rozari, alikaa pembeni akiona haya. Lakini alikaa.

"Shikamoo, mama," Shigela alimsalimu.

"Marahaba, baba. Huyu Venant yuko wapi?"

"Ameacha kazi."

"Baba, mtu huyu Kija anakufa. Venant yuko wapi?"

Shigela akasema, polepole, kwamba mtumbwi uliokuwa unaleta vifaa kutoka Nabwera ulizama. Venant alikuwamo, na seva ilikuwamo. Mtumbwi ulijazwa kupita kiasi kwa amri yake yeye Shigela. Hakutangaza, hakutafuta maiti. Familia aliiambia kijana kaenda Geita.

"Mama yake ananiulizaga kila nikikutana naye sokoni," Adventina alisema. "Bosi, mimi nitamwambia. Na polisi nitawaambia."

Shigela alimtazama, kisha akaitazama kompyuta iliyokuwa mezani.

"Venant hana kosa," Dorotea alisema. "Huyu siye yeye. Maiti isiyoliliwa jina lake linabaki linaelea, na ziwa lina majini yasiyo na majina. Jini hili limeliokota jina lake, limelivaa. Kwa jina hilo linaingia kwenye mashine yenu, na kwa kreti linakula. Anayeliwa ni yule aliyepokea. Tutamlilia Venant kama wafu wanavyoliliwa, jini litavuliwa jina. Ila nisikilizeni vizuri. Likivuliwa litatafuta lingine haraka, litakamata jina lililo karibu. Wakati tunalia, mtu yeyote asiandike kitu kwenye mashine. Hata herufi."

Wakakubaliana. Dorotea, Adventina na Kija wangekwenda Buhongwa lilipo kreti. Shigela angebaki ofisini akilinda seva isiguswe na mtu.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, walipoingia ghalani. Dorotea aliwasha majani kwenye kigae, akalizungushia kreti unga wa mtama. Kija alikaa chini ameegemea ukuta kwa sababu miguu ilishindwa kumbeba. Adventina alifungua kompyuta yake kutazama mfumo tu, mikono akiwa ameikalia.

Ndipo lilipokuja badiliko. Mpokeaji wa kreti. Kabla: Kija. Baada: Adventina. Aliyebadilisha: Shigela, ofisini. Na chini yake, seva ya Nabwera, ile iliyolala kwenye matope chini ya ziwa, ikawa imekubali. Mbili kati ya tatu.

"Ameniandika," Adventina alisema. "Mama, ameniandika mimi."

Alimpigia Shigela. Simu ikapokelewa.

"Bosi, nifute! Nakuomba, nifute!"

"Ungenyamaza tu, Adve," Shigela alisema, karibu kwa huruma, akakata.

Kitu kikapanda kooni mwake, kizito na baridi, kikakaa juu ya ulimi kikipapatika, na alipokitema kilikuwa bonge la ute lenye mayai ya samaki, na nyuma yake kikaja kingine, na nguo zikaanza kumlegea mwilini kana kwamba kuna mtu anamfyonza kwa mrija kutoka tumboni, na kreti lilikuwa limeanza kutoa sauti, sauti ya mtu anayekula uji wa moto kwa pupa, na uji ule wa maziwa ulifurika ukingoni na kuteremka sakafuni hadi kwenye unga wa mtama, na ndani yake vilikuwa vikitambaa vijifunza vyeupe vyenye vichwa vyeusi, na vyote vilielekea kwake.

"Mlilieni!" Dorotea alipiga kelele. "Mlilieni sasa hivi!"

Kija ndiye aliyeanza. Alimjua Venant, walikuwa wakila pamoja. Alitoa kilio cha msibani, kile kinachotoka chini ya mbavu: "Venant, ndugu yangu! Umekufa Venant, umekufa kwenye maji, tulikuwa hatujui! Tusamehe, ndugu yangu, tulikuwa tunacheka na wewe umelala kwenye maji!" Dorotea akaitikia kwa Kisukuma, akitupa unga. Adventina, kifua kimejaa ute, alilia kwa sauti ya kukwama, kwa Kihaya, kama walivyomlilia baba yake, akiomba Mungu na akimtaja Venant, kijana aliyekuwa akimtumia salamu kwenye mfumo kila asubuhi kabla ya kazi.

Mlo ukasimama.

Midomo yote kwenye kreti ilifumbuka kwa pamoja, ikatoa pumzi moja ndefu ya uvundo iliyozima moto wa majani. Kisha samaki wakanywea. Katika muda wa kufumba na kufumbua walibaki mifupa na ngozi, mapanki tu ya kawaida, yaliyooza. Adventina alitambaa hadi kwenye kompyuta. Seva ya Nabwera ilikuwa imenyamaza. Jina lake kwenye kreti lilikuwa limefutika, na la Kija pia. Lilibaki badiliko moja, la mwisho kabisa kunaswa.

Kabla: Venant. Baada: Shigela.

Dorotea hakuweza kusoma maandishi yale madogo, akamwomba amsomee. Adventina alisoma. Mama yule alivuta pumzi, akakusanya majani yake.

"Nilisema mtu asiandike," alisema.

Venant walimwekea matanga kwao, watu wakaja wengi, mama yake akalia akachoka akalala. Kija alirudi kunenepa, akaacha kazi ya samaki, sasa ana shamba la mpunga. Kampuni ikafa. Adventina alizima seva zote kwa mkono wake, akatoa taarifa polisi, na polisi walipokwenda kumchukua Shigela nyumbani kwake Buswelu walitoka mbio, mmoja wao akishikilia ukuta.

Miezi ikapita. Siku moja mama mzazi wa Shigela alimpigia Adventina simu, akamwomba afike. Adventina alikwenda na Kija, mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Mke na watoto walishahama, majirani walifunga madirisha yanayotazama upande ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Msiogope."

Shigela alikuwa amekaa sakafuni kwa kuwa hakuna kiti kilichomtosha. Nyama zilikuwa zimemwagika pande zote, ngozi imenyooka ikawa na mng'ao wa kijivu, na kwenye mikunjo ya shingo ute ulikuwa unachuruzika polepole hadi kitovuni. Macho hayakupepesa. Kija alitoka nje, akasikika anatapika kwenye maua.

"Mama, nimejaribu kila kitu," Adventina alisema kupitia kitambaa. "Hakuna mashine tena. Sina pa kumfuta."

"Najua, mwanangu. Sikukuitia hilo." Mama yule hakuwa amefunika pua. Alichukua ncha ya kanga yake mwenyewe akaupangusa mdomo wa mwanaye, kwa upole, kama anavyopanguswa mtoto aliyemaliza kunyonya. "Nilitaka umwone tu. Watu wanasema nimuache. Nitamwachaje?"

Mdomo ukafumbuka. Mama akanyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani ya ugali, akakata tonge, akamlisha. Adventina alishangaa kwa nini mama mtu mzima alishe kwa kushoto, akautazama mkono wa kulia uliokuwa umefichwa kwenye kanga. Mama akaona anatazama. Akaukunja zaidi, lakini kanga ilikuwa imelowa damu, na kilichokuwa kimefungwa ndani yake kilikuwa kifupi mno kuwa mkono.

"Hana haraka," mama alisema kwa sauti ya chini. "Anachukua kidogo kidogo."