Mama wa Kupachikwa

Kiti cha kompyuta ya nne kilikuwa na joto, na maktaba ilikuwa imefunguliwa dakika ile ile. Verna Stuckey hakujali. Mama huyu alikuwa wa kwanza mlangoni kila Jumanne na Alhamisi, na akimkuta mtu amekalia kompyuta "yake", humsimamia kichwani mpaka saa yake moja iishe. Akakaa.

Sisi wa mji huu wa Ohio tunawajua watu wa namna hiyo. Walio hai hawawasalimii. Wafu ndio wanaowatafuta kwa udi na uvumba, tena wafu wenye mashamba. Verna alitaka kuingia Chama cha Wazao wa Waanzilishi wa kaunti yetu, wanawake kumi na tisa ambao kazi yao kubwa ni kula pamoja na kutazamana beji. Ili apokewe, ilimpasa aonyeshe kwamba babu wa babu yake, Amos Beachler, alitokana na mwanzilishi mmojawapo. Bahati mbaya, mama yake Amos aliitwa Keziah, na Keziah alimzalia katika nyumba ya maskini ya kaunti, bila mume, akafia humo humo akifua mashuka ya wenzake. Daftari lilisema wazi. Verna alilisoma, akalifunga, akalichukia.

Asubuhi ile tovuti ya nasaba ikamletea kidokezo: je, huenda mama yake Amos ni Lavinia Thornbury, binti wa jaji aliyekuwa mmoja wa waanzilishi? Kidokezo chenyewe kilitoka kwenye mti wa ukoo wa mtu asiyejulikana, aliyenakili kwa mwingine asiyejulikana. Mwenye akili angedai cheti. Verna akamfuta Keziah, akabofya "Ndiyo", na Lavinia akapachikwa. Mstari ukateremka kutoka kwake hadi kwa Amos, ukamfikia Verna, binti yake Janelle, na mwisho kabisa Colby, mjukuu wa wiki tano.

Harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka kwenye kibodi. Verna akafuta kidole kwenye sketi, akaendelea, na kabla saa yake haijaisha akawa ametuma fomu ya chama.

Saa nane mchana Janelle alipiga simu, akinong'ona.

"Mama, ulikuja kwangu leo?"

"Mimi? Nilikuwa na kazi ya maana."

"Kuna mtu alikuwa anamwimbia Colby chumbani. Nimemsikia kwenye kile kiredio cha kumsikilizia mtoto. Nimekimbia, hakuna mtu. Ila kuna mto kitandani mwake, Mama. Mto wa manyoya, wa zamani, unanuka maziwa. Mimi sina mto kama huo."

"Usingizi huo. Nyie wazazi wa siku hizi mnadeka mno."

Alhamisi, Bwana Krantz, mkutubi wetu mwenye sweta moja ya miaka yote, alipita nyuma ya kompyuta ya nne, akasimama.

"Bi Verna, nani alikwambia umweke huyu hapa?"

"Kompyuta."

"Loo! Kompyuta nayo imekuwa shangazi yenu? Hebu njoo uone."

Akamwekea filamu yenye picha za magazeti ya kale kwenye mashine ya kusomea. Lavinia Thornbury alizika watoto sita. Hakuna aliyefikisha miezi miwili, na kila mmoja alikutwa na mto usoni. Jaji aliizima kesi, na binti akafa peke yake chumbani, akiimba.

"Huyu hakuacha uzao duniani," Krantz alisema, sauti chini. "Hakuwa na mtu wa kumfuata. Wewe ndiye uliyempa. Mwondoe, mrudishe Keziah wa watu."

"Jumamosi napokewa kwenye chama! Beji imeshachongwa jina langu!"

"Na mjukuu wako?"

Verna alifungua kinywa amtukane, simu ikalia, akamsikia Janelle akihema kwamba wako hospitali, kwamba Colby alikutwa midomo imekuwa ya bluu, kwamba wamemzindua, wamemzindua, Mama. Na wakati huo huo, kutoka kwenye visikizi vya kompyuta ya nne ambavyo hakuna aliyevivaa, sauti ya mwanamke ikaanza kubembeleza, taratibu, kama mtu mwenye muda wote duniani, na kwenye kioo cha kompyuta, chini ya majina sita ya watoto wa Lavinia, nafasi ya saba ikafunguka yenyewe na herufi zikaanza kuingia moja moja, C, kisha O, kisha L, huku kidude cha pembeni kikimkumbusha kwamba saa yake imebakiza dakika tano.

Akafuta. Krantz ndiye aliyemshikia kipanya. Lavinia akatoka, Keziah akarudi, sauti ikakatika. Verna alilia mbele za watu, nami niliyekuwa kwenye kompyuta ya jirani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nilikaribia kumhurumia.

"Bado," alisema Krantz. "Tangu Jumanne watu thelathini na wawili wamenakili mti wako. Kila anayemtaja yule kuwa mama yenu anamfungulia mlango. Waandikie mmoja mmoja. Sema ukweli, useme na nyumba ya maskini."

"Wote?"

"Wote. Na wale wa chama pia, maana fomu yako wanayo."

Aliandika. Krantz akamwongezea saa, akamwongezea tena. Wale thelathini na wawili aliwamaliza, kwa kuwa ni watu wa mbali, hawatamwona usoni. Barua ya chama ilikuwa ya kwenda kwa Bi Cordelia Haupt, mwenyekiti, anayesali naye kanisa moja. Hiyo aliianza mara tatu, akaifuta mara tatu. Mmoja tu, alijiambia. Baada ya Jumamosi.

Jumamosi mchana ukumbi wa kanisa ulinukia kuku wa kuokwa. Janelle alikuja na Colby kikapuni, mzima, ananyonya vizuri, na ana mapafu ya nguvu: alilia tangu supu ilipoletwa, wanawake wa chama wakimkunjia nyuso. Bi Cordelia akasimama na karatasi. Verna akamtazama mtoto, akatazama beji iliyolala kwenye kitambaa chake cha bluu. Bado angeweza kusema. Maneno matano yangetosha, hata matatu.

"Tunampokea Verna Stuckey," Bi Cordelia alisoma, "mzao wa Lavinia Thornbury, kwa damu isiyokatika."

Verna akasimama, kidevu juu, ili afungiwe beji. Wote wakapiga makofi. Nyuma yao Colby akanyamaza ghafla, na Bi Cordelia akashusha pumzi.

"Afadhali," alisema.