Unene Ule wa Hansatu

Asubuhi nyumbani kwa Delu, mjini Zaria, ilianza kwa moshi. Kabla majirani hawajapiga mswaki, sufuria kubwa ilikuwa imeshachemka uani, imejaa majani ya mwarobaini. Binti yake Hansatu alikuwa amejifungua kifungua mimba wake, mtoto wa kiume. Kama desturi ilivyo, alirudi kwa mama yake kulelewa mpaka arobaini ipite. Na kwa kulea wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, Delu alikuwa bingwa. Mtaa mzima ulijua hivyo, na Delu mwenyewe alijua zaidi.

Asubuhi na jioni alimkalisha Hansatu uani. Alichovya matawi katika maji ya moto, akampiga nayo mgongoni na tumboni. Kisha alimnywesha uji wa magadi, bakuli baada ya bakuli. Chini ya kitanda cha udongo aliweka makaa, maana ulikuwa msimu wa upepo baridi wa jangwani.

"Baridi ikimwingia mzazi, haitoki," alisema. Ndivyo alivyofanyiwa na mama yake.

Hansatu akaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, pete ikamkwama kidoleni. Wanawake waliokuja kumpongeza walipiga vigelegele. Huyu alisema Delu anajua kulea, yule akamwomba aje amlee na binti yake. Delu alijifanya hasikii, lakini kichwa chake kilivimba kuliko miguu ya Hansatu.

Hansatu mwenyewe alikuwa kimya. Hakuweza tena kulala chali, alilala ameegemea mito. Akitoka mkekani kwenda chooni tu, alihema kama mtu aliyetwanga mtama. Akaanza kukohoa. Delu alisikia kikohozi, akasema ni ile baridi. Akaongeza makaa, akaongeza na magadi. Kwao mwanamke mwenye kifungua mimba huona haya kulalamika, hata mbele ya mama yake. Kwa hiyo kila alipoulizwa, Hansatu alijibu kwamba hajambo.

Siku moja jirani yao Rakiya alikuja kumpongeza mzazi. Rakiya ni muuguzi wa hospitali, katika kliniki ya moyo. Hakupiga vigelegele. Alikaa karibu na Hansatu, akamtazama anavyohema. Akaomba ruhusa, akambonyeza kwa kidole gumba kwenye muundi wa mguu. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale. Wanawake wote wakakodoa macho.

"Mama Delu, huu si unene," alisema Rakiya. "Haya ni maji."

Delu akachukia. "Rakiya, arobaini yako nilikulea mimi. Uji ulikunywa huu huu. Leo umekuwa mbaya?"

"Nilikunywa, na nakushukuru. Lakini mimi nilikuwa nalala chali." Akamgeukia Hansatu. "Mdogo wangu, leo usinionee haya. Ukilala chali inakuwaje?"

Hansatu alimtazama mama yake, kisha akatazama chini.

"Nazama," alisema. "Kama niko kisimani."

Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwa Delu, akaliweka chini. Dakika hiyo hiyo alituma aitwe Sabiu, mume wa Hansatu, alete gari.

Hospitalini daktari alimpitishia Hansatu kifaa kidogo kifuani. Kwenye kioo cha mashine ikatokea picha inayocheza. Delu alikuwa ameona moyo wa kondoo mara nyingi, lakini moyo wa mtu, tena wa mwanawe, ukiwa hai! Alisahau hata hofu. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Ila moyo wenyewe ulikuwa mpana, umelegea, unapiga kivivu.

Rakiya akawaeleza taratibu. Ugonjwa huu humpata mwanamke mwishoni mwa mimba au katika miezi ya baada ya kujifungua. Misuli ya moyo hulegea, moyo hushindwa kusukuma damu. Maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Wanawake wa kaskazini mwa Nigeria huupata zaidi kuliko wa sehemu nyingi duniani. Watafiti, wakiwemo wa huku huku, wamewafuatilia wagonjwa wengi na bado wanatafuta chanzo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Delu. "Nimemuumiza kwa mkono wangu."

"Hakuna aliyethibitisha kwamba uji au maji ya moto ndiyo yaliyoleta ugonjwa," alijibu Rakiya. " Lakini magadi ni aina ya chumvi, na chumvi huzuia maji mwilini. Moyo uliochoka hauyawezi. Joto kali nalo linauchosha. Mama, sikia habari njema. Wako ambao moyo wao haurudi hali yake, sikudanganyi. Lakini wengi hupona wakiwahi dawa na wasiziache, hata wakijiona wazima."

Hansatu akaanza dawa. Maji yakamtoka, mashavu yakashuka, pete ikatoka yenyewe. Aliporudi nyumbani, mtaa ukaanza kunong'ona. Ati Delu amemnyima mwanawe chakula. Ati ubingwa umekwisha. Maneno yalimchoma Delu, lakini hakurudisha makaa wala magadi.

"Nimemkondesha, ndiyo," aliwajibu. "Na usiku analala chali."

Mvua zilipoanza, walirudi kupima. Safari hii Delu hakuthubutu kutazama, alifumba macho. Ndipo akamsikia daktari akicheka. Akafumbua. Moyo ulikuwa umepungua upana, unapiga kwa nguvu, kama mchi wa mwanamke mwenye haraka. Delu alipiga vigelegele mle mle chumbani, mpaka mlinzi akaja mbio kuuliza kuna nini. Hansatu akacheka, na kicheko hakikumkata pumzi.

Daktari aliwaonya wasiache dawa, na wasitafute mimba nyingine mpaka moyo upimwe na yeye akubali. Aliwaelekeza pia njia za uzazi wa mpango. Sabiu hakubisha. "Mtoto nimempata," alisema. "Sasa nataka mama yake abaki."

Delu bado analea wazazi. Maji yake siku hizi ni ya vuguvugu, na uji wake ni wa mtama na maziwa. Majuzi alialikwa kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, nyumba ya pili. Mzazi alikuwa amejaa mashavu, na wanawake walikuwa wanamsifu. Delu alipenya katikati yao, akamuuliza kama analala chali, kisha akambonyeza muundi.

"Delu, siku hizi hupongezi?" mmoja akamtania.

"Nitapongeza. Ngoja kwanza nione shimo."

Akaondoa kidole. Shimo halikuwepo. Vigelegele vya Delu vilisikika mpaka mwisho wa mtaa.