Mtoto wa Nyumba ya Watu

Sogeeni, enyi mlio na watoto, nanyi mnaoomba kuwapata.

Jumapili ile nyumba ya Khoat, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nguo pale mjini Nam Dinh, ilinukia udi na wali wa kunata. Ilikuwa siku ya kutimiza mwaka tangu baba yake afariki. Ndugu walizunguka sinia mkekani. Mkewe, Diep, alikuwa jikoni akikaanga nyama za kuviringisha, na binti yao Nhan, wa miaka kumi na mmoja, akipitisha mabakuli kwa mikono miwili na kuwakaribisha wakubwa mmoja mmoja. Diep alimchungulia akafurahi kimoyomoyo.

Mara simu ya Khoat ikalia. Mwalimu alikuwa ametuma matokeo kwenye kundi la wazazi, darasa zima, wa kwanza hadi wa mwisho.

"Tusomee, kaka!" mdogo wake alisema. "Mzee naye asikie huko aliko."

Khoat alitafuta jina juu. Akashuka. Akashuka tena. Uso ukamwiva.

"Wa thelathini na tisa. Kati ya arobaini na wawili."

"Si haba, kuna watatu nyuma yake!" mdogo wake alitania. Mkeka mzima ukacheka.

Khoat hakucheka. "Na wa kwanza ni nani? Quyet, wa hapo jirani! Kila siku nasema, mtazame mtoto wa nyumba ya watu. Mtoto wa nyumba ya watu anasoma. Anawatoa wazazi wake kimasomaso. Wewe je? Leo udi wa kumkumbuka babu hushiki. Utamwambia nini?"

Neno hilo, mtoto wa nyumba ya watu, mnalijua, jamani. Nani kati yetu hajalitamka?

Nhan aliweka bakuli chini, akavaa kandambili, akatoka.

"Mwache," Khoat alisema. "Njaa itamrudisha."

Diep aliendelea kukaanga. Aliogopa kumwaibisha mumewe mbele ya nduguze, na hapo ndipo alipokosea. Chakula kikaliwa, vyombo vikaondolewa, mtoto hayupo. Diep akatoka mbio.

Alimkuta Nhan jirani, kwa Bi Luu, mama yake Quyet, ameketi jikoni akimenya vitunguu saumu.

"Pita, Mama Nhan," Bi Luu alisema, kicheko kikimkwama. "Wako ameomba kuhamia. Ati kwangu yeye ndiye mtoto wa nyumba ya watu."

"Kwani uongo?" Nhan alisema. "Watoto wa watu wanapendwa."

Quyet akainua kichwa kutoka vitabuni.

"Kweli anapendwa. Mama kila siku husema, mtazame Nhan, mtoto wa watu! Anasalimia, anapika, wewe kazi kukodolea karatasi. Mwaka mzima nimemchukia."

Bi Luu akajikuna shingo. "Nilisema kwa nia njema, mwanangu."

"Hata baba husema hivyohivyo," Nhan alijibu.

Diep akachuchumaa mbele yake. "Twende nyumbani."

"Mchukueni Quyet. Wa kwanza yule pale."

"Sikumjia wa kwanza. Nimemjia wa thelathini na tisa. Huyo ndiye niliyemzaa, na akiwa wa mwisho kabisa nitamjia vilevile."

"Na baba?"

"Baba yako niachie mimi."

Walirudi wakakuta ndugu bado wanakunywa chai. Diep, ambaye hakuwahi kupaza sauti katika nyumba ile, alikwenda moja kwa moja mbele ya picha ya mkwewe, akawasha vijiti vitatu vya udi, akamkabidhi Nhan.

"Nimesema hashiki!" Khoat alifoka.

"Umesema, tumesikia. Sasa nasema mimi. Baba alipolala mgonjwa kitandani, nani alimlisha uji? Kundi la wazazi, au huyu Nhan? Na Baba, alimuuliza kwanza amekuwa wa ngapi? Anayetaka kumzuia, na ainuke anizuie mimi kwanza."

"Shemeji leo mkali," mdogo wa Khoat alinong'ona.

"Na wewe mzaha wako uumeze na hiyo chai."

Hakuna aliyeinuka. Nhan aliinamisha kichwa, udi mikononi. "Babu, ni mimi Nhan. Nimekuwa wa thelathini na tisa. Hesabu za sehemu ndizo zinanishinda."

Khoat alitazama sakafu, akatazama mgongo mwembamba wa mwanawe. Kisha akauliza polepole.

"Sehemu zipi, mwanangu? Za kujumlisha au za kugawanya?"

Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kumuuliza juu ya masomo lisilo na jina la mtoto mwingine ndani yake.

MAFUNZO

Mtoto hakuzaliwa ili tupate la kujisifia mkekani. Msaidie asome, mkazanie, lakini nafasi yake nyumbani asiitafute kwenye orodha ya mwalimu. Ukimlinganisha na wa jirani, jua jirani naye anamchapa wake kwa jina la wako, na wote wawili wanalala bila kwao. Watakaosema tunawadekeza watoto, waseme mpaka wachoke. Sisi tutawafungulia mlango, wa kwanza na wa mwisho, na tutawaita kwa majina yao.